Ugonjwa wa Kila Mtu

Jumanne usiku

Yule nesi wa Nakawa amenivunja nguvu. Nimemwambia sina usingizi wala hamu ya kula tangu mke wangu Halima arudi kwao Bombo, na kwamba ugonjwa kama huu Kampala nzima haujaonekana. Akacheka kidogo.

"Mzee, ni moyo umekataa kuzoea maisha mapya. Watu wengi sana wana ugonjwa huo. Mwingine kafiwa, mwingine kahama, mwingine kaachishwa kazi."

Mimi niliyemkaba chui kwa mikono mitupu, leo niugue kitu cha kila mtu?

Jioni nimewasimulia wapangaji habari za yule chui. Nilipofika pale anaporuka, nikanyamaza. Hapo ndipo Halima husema, "Juzi si alikuwa fisi, Baba Musa?" na watu wote hucheka. Leo hakuna aliyesema kitu. Wamesikiliza kwa adabu, wakaingia ndani kwao.

Adabu yao hiyo...

Nesi anasema kila Alhamisi wagonjwa wa namna yangu hukaa pamoja wakazungumza. Nimemjibu sina nafasi.

Nitakwenda. Kama kweli ni wengi hivyo, hatakosekana mmoja wa kunibishia.