Kima na Popo Kwenye Mapera ya Mjomba

Mjukuu wangu Wakesho,

Nakusalimu kutoka shambani Chala. Mgongo unauma, ila nipo. Bibi yako anasema mbuzi amezaa. Umeuliza kima na popo wanatofautianaje.

Nikiwa kijana Wusi, mapera ya mjomba yaliliwa. Akamnasa kima kwa kamba, akainua panga. Chini ya mpera nikaona makapi.

“Mjomba, ngoja. Kima humeza. Popo hufyonza maji, kisha hutema makapi kama haya.”

“Umekuwa wakili wa kima?” Panga lilikuwa bado juu.

Nikapiga magoti kati yao, nikalegeza kamba. Kima akaniuma kidole, akatoroka.

Mjomba akashusha panga. “Haya wakili, umelipwa.”

Kidole hakikunjiki mpaka leo. Kima ni mwizi kweli, lakini siku ile hakuwa yeye.

Babu yako