Esta Aolewe, Mimi Nibaki na Kifua Changu

Mama Esta wangu,

Tangu tukuzike hapa Mushaki sijakuandikia hata neno moja. Leo naandika kwa sababu naogopa, na wewe peke yako njo muntu ninayeweza kumwambia hivyo bila kuona haya.

Unakumbuka niliporudi kutoka Omate? Miaka yote ile ya kuchimba mawe ya bati. Wakati wa vita ya Wazungu wakubwa wa mgodi walituhimiza kutwa nzima, tukatoboa mwamba mkavu, vumbi likatujaa puani na kinywani. Nilirudi na blanketi mbili na kifua kinachopiga filimbi. Ulinisikia nikipanda kilima, ukaweka jembe chini. Kesho yake ukanipeleka dispansari. Munganga akasema si kifua kikuu, ni vumbi la mawe, limekaa ndani na halitoki tena. Akasema nisilale chali, nikae mbali na moshi.

Hapo njo ulifanya jambo lililozungumzwa kilima kizima. Ulizima moto wa ndani ya nyumba, ukahamisha mafiga nje, chini ya kibanda cha majani. Baridi ya Mushaki unaijua. Na kwetu moto wa nyumba huzimwa mwenye nyumba akifa. Majirani wakaja asubuhi, wanawake wameshika vichwa, wakanikuta nimekaa mlangoni nakula maharagi. "Mufu wenu iko anaomba chumvi," ukawaambia. Nilicheka mpaka nikakosa pumzi, ukanishika mgongo hadi ikarudi.

Wewe ulinifundisha kuishi na kifua hiki. Kulala nimeegemea gunia la mutama. Kutoa pumzi polepole, midomo imebanwa, kama mtu anayepoza mchuzi. Asubuhi maji moto kwanza, jembe baadaye, na kulima nimekaa, hata kama wanaume walinicheka. Tukitoka sokoni ulitangulia, ukasimama kila kona kukaza mzigo ambao haukulegea. Nilijua unanipumzisha. Sikukushukuru hata siku moja, mama, na hilo linaniuma.

Homa ilipokuchukua, binti yetu alishika nafasi yako. Akisikia filimbi imebadilika anaacha sufuria anakuja mbio. Siku moja ya mvua kifua kilifunga kabisa, nikaona ukuta unakuwa mweusi, nikajua ninakufa. Alinikalisha, akaniinamisha mbele, akahesabu kwa sauti hadi pumzi yangu ikamfuata. Tangu siku hiyo naogopa hata kuachwa peke yangu kwa muda wa kuchota maji.

Sasa watu wa Walikale wamekuja kumposa. Ni wakulima wa msituni, Wakristo, na kijana wao ni mpole. Kwao ni safari ya siku nyingi kwa miguu. Esta anamtaka; naona anavyojifanya hamtazami. Lakini aliwaambia wangoje kidogo, kisha akanijia.

"Papa, nikienda, nani atasikia kama pumzi inakukatalia?"

Nikamwambia jirani yetu, Papa Bahati, amekubali kulala hapa.

"Ni kweli, Papa?"

"Ni kweli, mama. Enda kwako."

Ni uongo, Mama Esta. Sijamuuliza. Papa Bahati bado anaamini nina kifua kikuu. Akinisalimia anasimama ng'ambo ya mfereji. Na juzi nilipanda kutoka mtoni bila kusimama hata mara moja, Esta akiniangalia kutoka juu. Nikampungia mkono, nikazunguka nyuma ya zizi la ng'ombe, nikaanguka kwa magoti na kukaa hapo muda mrefu nikitafuta hewa. Mutoto akaamini nimepata nafuu. Jioni akaanza kufunga mikeka yake.

Wanakuja kumchukua Jumamosi. Naiogopa asubuhi ya Jumapili kuliko nilivyowahi kuogopa shimo la Omate. Nitaamka, nitapasha maji mwenyewe, na kifua kikifunga hakuna atakayejua. Nimejaribu kuomba Mungu anitoe woga huu, lakini bado upo.

Tena kuna kitu kimoja naogopa zaidi. Pale mlangoni, wakati wa kuagana, Esta ataniangalia kama wewe ulivyokuwa unaniangalia, na mdomo wangu utamwambia abaki.

Bado ninapumua,
Papa Esta