Halua ya Mwenye Nyumba

Jumatano.

Na bado ananiita mwanangu! Mwenye nyumba wangu, Mzee Salum, ambaye ngazi yake iliyooza imenivunja mguu. Nilimwambia mara tatu aitengeneze.

Leo nimemshtaki barazani anilipe fidia. Akasimama na kanzu yake ya pasi: "Ndugu Mwenyekiti, nilimpelekea halua kitandani, akaila. Tumeshasameheana."

Mwenyekiti akanigeukia. "Uliila, mama?"

Niliila. Nilidhani amekuja kunijulia hali, kama jirani yeyote.

Wakaifuta kesi. Naogopa mguu huu hautanyooka tena.

Nimerudi na magongo, nikaipanda ngazi ileile kwa makalio. Mlangoni kwangu nimekuta halua nyingine.

Nimeitupa uani kwake, pamoja na sahani.