Mzizi Kwenye Kaburi la Fusi

'Ohonua, 'Eua,
Tonga.
Jumatatu, 11 Machi 2024

Mpendwa mdogo wangu Sioeli,

Salamu tele kutoka nyumbani. Hujambo huko ugenini Griffith? Mkeo Malia na mabinti wawili hawajambo? Mgongo wako unaendeleaje na kuinama kutwa kwenye zabibu za watu? Sisi tunapumua. Jana kanisa lilijaa, viazi vikuu vimekubali mwaka huu, na mimi ni mzima kuliko unavyodhani, nitakueleza kwa nini.

Barua hii anakuletea Lesieli, binti wa mchungaji, anayesafiri Alhamisi. Nimeandika kwa sababu kwenye simu nisingeweza. Kuna mambo ambayo dada hamwambii nduguye wa kiume, nawe unajua. Tangu tuwe wakubwa hatujakaa chumba kimoja hata kutazama televisheni. Leo nayaandika yote. Ukiona haya, soma umefumba jicho moja, lakini ufike mwisho.

Kwanza mtoto. Kalolaine wako anafundisha darasa la pili kama kawaida, na uvimbe ulioko kwenye titi la kushoto sasa ni mkubwa kama ndimu. Ni saratani, daktari hakuficha. Damu yake ilipelekwa New Zealand ikarudi na jibu kwamba ugonjwa huu ni wa kurithi, ndiyo maana wanataka kuondoa matiti yote mawili kabla la pili nalo halijaanza. Nafasi imepatikana Auckland. Ndege ni Jumanne, tarehe 26. Wewe ulipoambiwa haya ulimjibu mwanao kwamba akikatwa asikuite baba tena. Kisha ukampigia ndugu yetu Kitione ukamwagiza akalifungue kaburi la dada yetu Fusi.

Sikushangaa kwamba unaamini. Sote tumelelewa hivyo. Mganga alimbonyeza Kalolaine kifuani, akasema mzizi wa mti umetoboa mifupa ya Fusi, na mzizi ukitolewa uvimbe utanywea. Mimi mwenyewe nilishika taa siku tulipomfukua bibi kwa sababu ya goti la mjomba. Mzizi tuliukuta, tukaukata, na goti lake linamuuma mpaka leo.

Sasa nikueleze yaliyotokea Jumamosi ya tarehe 2, maana najua Kitione amekusimulia nusu tu. Asubuhi nilikuwa nasuka mkeka, Kalolaine akapita mbio uani, viatu mkononi. Nikajua. Nilimfuata na mume wangu Hopate mpaka makaburini. Blanketi nililomshonea Fusi na kulitundika kichwani pa kaburi lake lilikuwa limetupwa matopeni. Mawe meupe yametapanywa. Kitione yuko ndani ya shimo hadi kiunoni, anachimba kama mwizi anayewahi jua, na mganga amekaa pembeni anamhesabia kila chepe la udongo.

Kalolaine alijitupa shimoni, akalala kifudifudi juu ya udongo ule.

"Toka humo, Kalo!" Kitione akapiga kelele. "Baba yako ndiye kaniagiza!"

"Basi nifukieni humu humu, baba mdogo, mmalize kazi zote kwa siku moja!"

Sioeli, nduguyo alimshika mtoto nywele. Alimvuta kwa nywele kutoka kwenye kaburi la shangazi yake, mtoto anang'ata, anapiga mateke, damu inamtoka puani. Hopate akarukia ndani akamkaba Kitione shingo. "Mkono wako utoe kwa huyu mtoto!" "We shemeji nyamaza, kaburi hili si la kwenu!" Wakaangushana, wakatwangana ngumi kama wendawazimu. Kitione akaokota chepe na kulizungusha. Likampata Hopate sikioni. Nilisikia mlio wake, na sitaki kuusikia tena. Sikio limeshonwa nyuzi tisa, na upande huo hasikii vizuri.

Kitione akainua chepe mara ya pili. Alikuwa hatuoni tena. Nilimwita jina, nikamwita kwa jina la baba, hakugeuka. Ndipo nikafanya jambo ambalo hakuna mwanamke wa kijiji hiki amewahi kulifanya mbele ya ndugu yake. Nilirarua blauzi yangu mpaka kiunoni, nikavuta kitambaa ninachojazia kwenye sidiria, nikakitupa usoni pake.

"Tazama!" nikamwambia. "Usigeuze uso! Tazama!"

Upande wa kulia sina kitu, Sioeli. Pana kovu tu, kutoka kwapani mpaka katikati ya kifua. Lina miaka kumi na mmoja sasa. Ile safari yangu ya Auckland haikuwa ya nyongo. Niliwadanganya wote isipokuwa Hopate, kwa sababu niliona aibu, na aibu ile ndiyo ninayoijutia kuliko kitu chochote nilichofanya duniani. Ningesema mapema, Fusi angekwenda kupimwa. Fusi alikufa akiwa amefunga majani kwenye titi lake chini ya nguo, akimwambia kila mtu ni jipu.

Chepe lilimdondoka Kitione. Alifunika macho kwa mikono yote miwili akatapika pale pale, kisha akakimbia kuelekea shambani. Mganga alikuwa ameshaondoka zamani. Kalolaine alivua shati lake la juu akanifunika. "Shangazi," akaniuliza, "mbona uko hai?" Nilicheka na kulia kwa pamoja. Nikamjibu kwamba niko hai kwa sababu nilikatwa mapema.

Siku tano Kitione hakuonekana. Alhamisi akaja kuomba radhi kwa mila, amevaa mkeka mkuukuu kiunoni, ameleta nguruwe na kava ya kunywa, akakaa uani juani mpaka Hopate alipotoka akamwambia ainuke. Hakuweza kunitazama, wala sikutaka anitazame. Alimwomba Kalolaine msamaha akilia kwa sauti. Kaburi amelifukia kwa mikono yake na mawe ameyapanga upya. Ndiyo, mzizi ulikuwepo, wa mti ulio uani pa kanisa. Makaburi yote yana mizizi.

Mganga hakukosea kila kitu. Ugonjwa huu umetoka kwa Fusi na kwa wafu wetu kweli, lakini haumo mifupani mwao. Umo damuni mwetu. Mama yetu alikufa na miaka arobaini na mbili, tukaambiwa ni kifua, tukadhani alikuwa anakohoa. Nani alimsikia mama anakohoa? Nilishatoa damu yangu kwa siri ikalinganishwa na ya Kalolaine, na kasoro ni ile ile moja. Daktari alinichorea kwenye karatasi: mama, kisha Fusi, mimi, na wewe, kisha mtoto. Haiwezi kuruka kutoka kwangu ikamfikia yeye. Imepita kwako.

Najua utasema mwanamume hana titi. Nilisema hivyo hivyo. Daktari akanijibu kwamba mwanamume hubeba na kurithisha sawa na mwanamke, na wengine huugua wenyewe. Kwa hiyo nenda ukapimwe, na mabinti wako wawili huko wakapimwe watakapofikisha umri, na Kitione amekubali kwenda wiki hii ingawa anaogopa sindano kuliko mama mkwe wake. Hakuna anayekulaumu. Hukumpa kwa kupenda, kama mama naye ambavyo hakukupa kwa kupenda.

Lakini kwa neno lile nakulaumu. Kalolaine amefungasha begi, amepata mwalimu wa kumshikia darasa, na bado anasema haendi mpaka baba yake atamke. Nimembembeleza, nimemgombeza, nimemwambia mimi nitalala chini ya kitanda chake Auckland. Anasikiliza, kisha anaitazama simu. Ana miaka ishirini na sita na anaitazama simu kama mtoto mdogo. Usiku namsikia akijibu maneno yako peke yake.

Mimi ni shangazi wa watoto wako. Unajua maana yake hapa kwetu. Ningeweza kuchukua nguruwe wako, mikeka yako, hata huyo mtoto, usinyanyue mdomo. Sijawahi kukudai kitu. Leo nadai: mpigie Kalolaine, umwambie aende, na umwite "mwanangu" unapomwambia.

Ukikaa kimya naye akabaki, unajua mila inaniweka wapi. Siku ya msiba wake nafasi ya kichwani pa maiti ni yangu mimi shangazi, na mikeka bora yote huletwa miguuni pangu. Siitaki nafasi hiyo, Sioeli. Kwa mama nilikuwa mdogo, kwa Fusi nilikaa pembeni nikinyamaza na kovu langu. Kwa Kalolaine wakinikalisha pale, nitasimama mbele ya kijiji kizima niseme nani alimkataza kupona.

Msalimie Malia, mwambie hii barua aisome na yeye. Nisalimie mabinti zako Siosiana na Vika, uwakumbatie kwa niaba yangu. Hopate anakusalimu kwa sikio lake zima, na Kitione anakusalimu, anaona haya kuandika. Mungu akulinde kwenye kazi na akulainishe ulimi kabla ya Jumanne ile. Simu ya Kalolaine iko wazi, haiilazi mbali na mto wake.

Ni mimi dada yako nikupendaye, na sijamaliza kukasirika,

Lavinia