Sauti ya Umwali kwenye grupu ya korali

Grégoire, uko? Nimechukia sana.

Unajua namna binti yangu Umwali anasema na kigugumizi. Wewe njo ulituambia tumuache amalize maneno yake mwenyewe. Leo asubuhi alienda nyuma ya nyumba na simu ya mama yake, akarekodi sauti ya kumusalimia nyanya yake kule Sake. Hakuna aliyemutuma. Mutoto ambaye hata masomoni hajibu.

Nyanya hana simu, kwa hiyo sauti ilienda kwa dada yangu Brigitte anayekaa naye, amusikilizishe. Unajua Brigitte alifanya nini? Aliituma kwenye grupu ya korali. Korali, Grégoire. Watu wa kumuimbia Mungu.

Na Jean-Claude, mwalimu wao, mutu wa mvi, akarekodi ya kwake akimuigiza: "Nya-nya-nya-nyanya, u-u-umeamkaje?" Wengine wakajaza vicheko chini yake.

Mumoja wao akairusha hiyo ya Jean-Claude mpaka kwenye simu ya muke wangu. Umwali njo aliifungua.

Nimemupigia Brigitte. Anasema, "Kaka, ni kicheko tu. Si wote tunamupenda?" Nikamuuliza kama nyanya ameisikia. Akasema atamusikilizisha jioni. Korali yote imesikia, nyanya hajasikia.

Sasa mutoto amekaa mbele yangu hapa jikoni, anachochea moto. Nimemuuliza kama maharagi imeiva. Amechukua simu ya mama yake, na yangu ikalia mukononi. Ameniandikia: "Bado, Papa."