Mkono Wangu na Mizabibu ya Gideoni

Jumanne, 3 Septemba 2024
Presha imepanda tena. Nesi kaniuliza nawaza nini, nikamwambia siwazi kitu. Muongo mkubwa mimi! Nawaza maneno ya mama mkwe usiku na mchana. Tangu tumzike Gideoni wangu mwezi wa tatu, anawaambia watu nina nuksi, kila ninachogusa kinakufa. Siku ya kuanua matanga aliuchukua mkasi wa marehemu wa kupogolea zabibu, akaufunga kwenye kanga, akaondoka nao. Eti nisije nikaimaliza na mizabibu.

Ubaya ni kwamba nimeanza kumwamini. Jana niliogopa kumsuka Anitha. Binti yangu mwenyewe!

Jumatano, 4 Septemba
Hapa kijijini karibu wote wameshapogoa. Nikichelewa zaidi, mwezi wa pili sina mavuno. Nikaenda kwa jirani Meshack kuazima mkasi. Kasema ameuazimisha. Ulikuwa unaning'inia ukutani nyuma ya kichwa chake!

Nimerudi na aibu, utadhani mimi ndiye niliyedanganya. Halafu nikakasirika. Hasira imenifaa — nimemaliza ugali wote.

Alhamisi, 5 Septemba
Nimeenda Dodoma mjini, nimenunua mkasi. Mwekundu. Wangu.

Jumamosi, 7 Septemba
Nimepogoa! Shamba zima! Mstari wa kwanza nilikata huku naomba Mungu, wa tatu nikaanza kuimba. Sasa vimebaki vijiti vitupu na waya. Wapita njia wamenisalimia kwa mbali, wakapunguza mwendo kuangalia. Waangalie. Jioni nimemwagilia, mgongo umekufa, nina furaha ya ajabu.

Jumapili, 8 Septemba
Sikwenda kanisani. Asubuhi nimekuta mizabibu inatoa maji. Kila nilipokata panadondoka, tone, tone, mstari hadi mstari. Nikakaa chini palepale, nikasema basi, mama mkwe alisema kweli. Nilimuua Gideoni, sasa naua na shamba lake.

Tone moja likanidondokea shavuni.

Mungu wangu — Gideoni! Kila mwaka tukishapogoa alichovya kidole kwenye maji hayohayo, akanipaka shavuni, akasema ndiyo dawa ya kunizuia nisizeeke. Kila mwaka! Mizabibu ikikatwa hulia, ndivyo ilivyo. Mama mkwe anajua tangu sijazaliwa. Na mimi nilijua. Hofu ilinisahaulisha hata mume wangu.

Nimelia sana, nikajipaka mashavu yote mawili.

Jumanne, 10 Septemba
Nimelala usingizi mzito. Nimemsuka Anitha.

Jumatano, 18 Septemba
Imechipua!! Kila kijiti! Nimepiga vigelegele peke yangu shambani mpaka Meshack akatoka nje. Kazunguka, kainama, kaangalia muda mrefu. Mwisho akauliza kama naweza kumwazima mkasi, wake umekuwa butu.

Nikamwambia nimeuazimisha. Ulikuwa mkononi mwangu.

Alhamisi, 19 Septemba
Mama mkwe amekuja. Nilikuwa nafagia, nikasikia "Mbukwa" nyuma yangu. Ameanza yeye kunisalimia! Nikampa shikamoo yake, hiyo siwezi kumnyima. Akaenda moja kwa moja shambani, akagusa chipukizi moja, akagusa jingine. Usoni hakunitazama. Kazeeka, mwaka huu umemla na yeye.

Kisha akafungua kanga. Mkasi wa Gideoni, umepakwa mafuta, hauna hata kutu.

"Shamba langu alikuwa ananipogolea yeye," akasema. "Hadi leo halijaguswa. Njoo wewe, Mama Anitha. Kwa mkono wako."

Kwa mkono wangu! Nusura nicheke, nusura nimkumbatie. Nikamwambia, mama, keti kidogo, nivae viatu.

Viatu nimeshavaa. Niko ndani naandika. Namwona kupitia dirisha, amekaa kwenye kigoda, mkasi wa mwanawe mapajani, anausugua na pindo la kanga. Namhurumia. Na bado nina hasira naye, kijiji kizima kilimsikia. Leo tukipita njia kuu, nitataka atangulie mbele huku ameushika ule mkasi bila kuufunga kwenye kanga, kila mtu auone. Sijui kama atakubali.

Ananiita. Mara ya pili hii.

Akae kidogo.