Kamera ya Nyuma ya Haisi ya Babu

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Huku Mvumi tu wazima, karanga zimekubali. Unauliza kwa nini babu yako aliikataa kamera ya nyuma uliyomtumia aifunge kwenye Haisi yake kuukuu. Alisema, "Kamera ya nini, na mke ninaye?"

Nikiwa msichana, siku moja nilikuwa namwita mbuzi wetu, "Njoo! Njoo!" Kijana aliyekuwa akirudisha gari nyuma akadhani namwelekeza yeye. Alikuja mpaka akabomoa ukuta wa jiko letu. Baba akamwamuru aujenge upya. Aliujenga polepole mno, na ulipokauka akaleta posa.

Jana nilimshinda, fundi akaifunga kamera. Babu aliponiona kwenye skrini, nimesimama nyuma ya gari kumwelekeza tutoke kwenda sokoni, alizima injini.

"Kumbe bado mzuri hivi!"

Sokoni hatukufika.

Akupendaye,
Bibi